Mashua Kutoka Bara

Mji wa Kale mzima ulinicheka kwa kwenda Kisumu kununua mashua, na ningekwenda tena. Kuna mambo ambayo singeyarudia, nayo nitayasema yakifika mahali pake, lakini safari yenyewe si mojawapo.

Watu huuliza, mbona Kisumu, na bahari iko mlangoni? Hawajui kwamba huku kwetu mashua ndogo ya matanga haipatikani tena. Aliye nayo ameitia injini. Asiyeitia injini anawapandisha wageni. Iliyobaki inaozea matopeni kwa sababu ndugu wa mirathi hawajapatana. Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani wa bandarini, kazi ya kuandika vyombo vya wengine vikija na vikenda, na nilitaka changu. Mpwa wangu anayefanya kazi Kisumu akanitumia picha kwa simu: mashua ya mbao, mlingoti mmoja, matanga mawili, imewekwa uani kando ya tangi la maji, na juu yake wamesimama kuku.

Wakati huo nyumbani kwangu kulikuwa na maneno ya mtaa wa Tudor. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepata fleti huko, yenye lifti, akataka mimi na mamake tuhamie. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina ngazi zilizosimama wima kama za mnara, na mke wangu magoti yanamsumbua. Hayo niliyajua na sikuyajali. Niliona jambo moja tu, kwamba natolewa katika nyumba niliyozaliwa.

Ijumaa moja baada ya chakula, mwanangu akaanza tena. Nikamkata.

"Sikiza. Nakwenda kuleta mashua. Siku ntakayoishua majini ikaelea, hamtonitajia Tudor tena. Isipoelea, nahama, na mdomo nimeufunga."

"Baba, mashua na fleti wapi na wapi?"

"Mwenye chombo chake hapelekwi mahali kwa kushikwa mkono."

Akamtazama mamake. Mamake alikuwa akikusanya sahani, hakusema kitu, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni radhi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mimi peke yangu nikaiwekea sharti.

Aliyeiuza mashua huko Kisumu alikuwa mjane, mwalimu mstaafu. Mumewe ndiye aliyekuwa akiiendesha ziwani, na tangu afe haikugusa maji.

"Karibu, mzee. Sasa wewe unatoka baharini, unakuja kutafuta boti kwetu?"

"Ndiyo, mama."

"Huko kwenu maji yameisha?"

Nilicheka. Akawafukuza kuku, akaokota mayai yaliyotagwa chini ya kibao cha nyuma, ndipo akaniruhusu kupanda. Mbao zilikuwa nzima, lakini jua lilikuwa limezikausha mpaka mianya kati yake ilipitisha ukucha. Akanieleza kwamba alikuja mwenye hoteli mmoja aliyetaka kuisimamisha bustanini apange chupa za vinywaji ndani yake. Alimfukuza kama alivyowafukuza kuku.

"Wewe utaiweka kwa maji?"

"Nitaitia majini, mama."

"Basi uniambie kama mtu anaapa."

Nikaapa. Tukanywa chai, tukapatana.

Malori yanayopeleka mizigo bara mara nyingi hurudi pwani matupu, na mpwa wangu alimpata dereva mmoja aliyekubali. Tukailaza mashua juu ya magunia na matairi makuukuu, tukaifunga kamba, nami nikaketi mbele na dereva. Kila kizuizi cha polisi tuliulizwa hicho ni nini, na kila mara dereva alinionyesha kwa kidole akajibu, "Ni ya huyu mzee. Ameambiwa kuna gharika." Nilimwacha aseme. Niligeuka nyuma kila baada ya muda, nikaona jua la Tsavo likiendelea kuzikausha mbao zangu, nikaikaza roho.

Lori liliishia Mwembe Tayari, dereva akasema haingii kwenye vichochoro vyetu hata kwa dawa. Mahamali wakafunga mikokoteni miwili pamoja, tukaipakia mashua, tukateremka nayo kwa njia kubwa. Tulipofika Ngome ya Yesu, waongozaji wageni waliacha wageni wao wakatoa simu kutupiga picha.

"Yakhe, imekuja na treni hiyo?"

"Hiyo ni ya maji matamu! Ukiitia chumvini itatapika!"

Aliyesema hilo la pili ni jirani yangu, mwenzangu wa baraza na kahawa tangu ujana. Alitufuata mpaka ufukweni akiiga sauti ya kuku, kwa sababu alikuwa ameona kinyesi chao kilichoganda ubavuni. Nilimwambia ajiandae, nitamtaka anisaidie kushua.

Sasa nifike kwenye kosa la pili. Mashua iliyokauka hunyweshwa kwanza. Baba yangu alilifanya hilo mbele ya macho yangu: unaitia mawe, unaizamisha mahali pasipo na kina, unaiacha mbao zivimbe zibanane zenyewe, ndipo unaziba palipobaki. Nililijua vizuri. Lakini kuinywesha ni kuizamisha, na ufukwe wetu hauna siri. Nilisikia maneno ya barazani kabla hayajasemwa: ameibeba kutoka Kisumu aje aizamishe hapa. Basi nikaifunika kwa turubai, nikashindilia pamba katika kila mwanya, kavu juu ya kavu, nikagonga kwa nyundo mpaka haikuingia tena. Nikapaka lipu ya kuzibia mbao, kisha rangi ya kijani. Iling'aa kama imetoka dukani.

Nikaalika watu baada ya sala ya alasiri. Ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa, halua na kahawa zikapita. Mwanangu alikuja moja kwa moja kutoka ofisini, na viatu vyake vya ofisi. Mamake aliketi juu ya ukuta mfupi wa ufukweni na buibui lake, akatazama.

Tukaisukuma. Ikaingia majini, ikasimama sawa, watu wakapiga takbiri. Nilimwangalia mwanangu. Nakiri nilimwangalia kwa kiburi.

Kisha jirani yangu akasema, "Mbona inaondoka?"

"Inaondoka wapi? Imefungwa."

"Chini."

Lipu ilikuwa imebanduka chini, na pamba haikuweza kushika mbao iliyoanza kusogea. Maji yalipanda taratibu, kama ya bafu linalojazwa. Mashua ikakaa kitako mchangani, ukingo wake sawa na maji, mlingoti umesimama juu kwa adabu.

"Imechoka safari," jirani yangu akasema. "Mwacheni mgeni apumzike."

Kila mtu alicheka isipokuwa mwanangu. Yeye alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini kunisaidia kuivuta. Hakusema neno la Tudor. Ningependelea angelisema.

Siku zilizofuata nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliitoa pamba yote, nikaijaza mashua mawe, nikaiacha inywe mchana kweupe, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Wapitao waliniuliza kama nafuga samaki. Niliwaambia ndiyo, na wao hawatapata hata mmoja. Ilipokwisha kunywa tukaitoa, nikakuta taruma moja, ule ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, limepasuka. Pamba niliyoishindilia ndiyo iliyolipasua: mbao zilianza kuvimba siku ile, zikakosa pa kwenda. Nilitia taruma jipya kwa mkono wangu. Kisha tukaishua tena, bila ubani, bila wageni, mimi na jirani yangu tu. Ikaelea. Ndani ilibaki kavu kiasi cha kuweza kulala.

Nikapanda ngazi za nyumbani mbio, kadiri ninavyoweza kukimbia. Mwanangu alikuwa amekuja kumtazama mamake.

"Inaelea," nikasema.

"Najua, Baba. Nimeiona. Lakini ulisema siku utakayoishua."

"Sikusema mara ya kwanza."

"Baba."

"Sikusema!"

Mke wangu aliyekuwa kimya tangu Ijumaa ile ndiye aliyejibu. "Mzozane mpendavyo. Mie nshafunga mizigo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopanda basi kwenda bara."

"Na kama ingeelea siku ile?"

"Ningekwambia kwamba magoti yangu hayakuwekeana sharti na wewe."

Nilikuwa nimeshindana na mwanangu juu ya nyumba, kumbe aliyekuwa akipanda ngazi zake kwa maumivu hakuwa yeye wala mimi. Nikakubali kuhama. Najutia kuiacha nyumba ile mpaka leo, na sitamdanganya mtu kwamba nimeizoea hali.

Siku ya kuhama mwanangu alileta gari.

"Gari lipandeni nyinyi," nikasema. "Mimi nimekubali kuhama. Kupelekwa sikukubali."

"Baba, mawimbi ya..."

"Mawimbi gani? Tudor iko juu ya mkondo huu huu. Maji yakijaa hata gunzi la hindi linafika."

Mke wangu alikuwa amekwisha kuketi kwenye gari. "Mwache," akasema. "Mie sipandi kilichotagiwa na kuku, lakini yeye mwache."

Jirani yangu akapanda nami, ati aje ashuhudie ninavyozama. Tulitweka matanga mbele ya bandari ya zamani, upepo wa kusi ukitusukuma na maji yakijaa chini yetu, tukapita chini ya Daraja la Nyali na magari yote yale juu yakihangaika kwenye foleni. Jirani yangu hakutania tena mpaka tulipofika Tudor na kukwama matopeni kwenye mikoko. Hapo akasema anashukuru, lakini atarudi kwa tuktuk.

Nilipanda kwenye fleti na matope magotini, tanga kubwa nimelibeba begani. Lilikuwa limeloa, na tanga likikunjwa likiwa na maji linaoza, kwa hivyo nililianika kwenye varanda, likateremka mpaka karibu na dirisha la watu wa chini. Askari wa geti akapanda kuniambia kwamba wapangaji hawaruhusiwi kuanika kitu upande wa mbele wa jengo.

"Sheria ya nani?"

"Ya mwenye nyumba, mzee."

"Mwambie aje mwenyewe."

Hajaja. Nikirudi na mashua kutoka Mji wa Kale tanga limelowa, nalianika palepale.