Mgao wa Kondo Moja

Mdogo wangu ni fundi bomba, na watu walimbatiza Koki kwa sababu hawezi kukaa penye maji yanayovuja akatulia. Siku ya harusi yake mwenyewe tulimtafuta kwa ajili ya picha, tukamkuta uani kwa jirani, suti imelowa magotini, anakaza bomba ambalo hakuna aliyemwomba alikaze. Bibi harusi alisimama mlangoni na shela lake akasema, "Ukishalikaza hilo, njoo unioe na mimi."

Huyo ndiye wifi yangu. Anapiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, na ulimi wake ni moto kuliko pasi. Mara ya kwanza alipotupikia nilimuuliza kama kwao chumvi hailipiwi. Akanijibu kuwa hata maneno yangu hayalipiwi, ndiyo maana nayamwaga. Tukapatana tangu siku hiyo.

Walikaa miaka bila mtoto, maneno ya watu wakayameza. Mimba ilipokuja ikaja ya mapacha, na Koki akawa anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kliniki nilikuwa naenda nao, maana mbele ya koti jeupe huyu ndugu yangu hugeuka bubu.

Daktari alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Siku ile alipitisha kile kifaa tumboni kwa wifi, akarudia, akarudia tena.

"Mmoja anakua vizuri," akasema. "Mwenzake amebaki nyuma. Wote wawili wanalishwa na kondo moja la nyuma, sasa huyu mkubwa ameshika upande mpana. Mdogo, kamba ya kitovu chake imeshika pembeni kabisa. Kinachomfikia ni kidogo."

Hapo bubu akapata sauti. "Yaani laini kuu ni moja, mgao ndio haukukaa sawa?"

"Ndivyo, baba."

"Basi si mumpunguzie huyu mkubwa kidogo?"

Daktari akaitazama ovaroli yake. "Ingekuwa bomba tungekuita wewe. Humu hakuna pa kukaza wala pa kulegeza. Tutaangalia tu."

Tutaangalia tu. Nililichukia lile "tu" kuliko tusi.

Nyumbani kila mtu akaja na lake. Ale maini, alale ubavu, asishike pasi. Daktari alishasema kuwa shida si sahani, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Wifi aliacha kazi, akala mpaka chakula kikamtokea puani, na Koki kamkalia mbele kama askari wa zamu. Kipimo kilichofuata, mkubwa alikuwa ameongezeka. Mdogo alikuwa pale pale.

Jioni hiyo Koki alipiga magoti mbele ya lile tumbo. Nilidhani anaomba dua. Kumbe anafoka.

"We bwana, mwachie mwenzio! Roho gani hiyo?"

Wifi akamsukuma kwa kiganja. "Usimseme mwanangu. Kakosa nini? Kakaa pale alipowekwa."

"Basi nimseme nani?"

Koki aliinuka. Akachukua spana, akatoka uani, akalifungua bomba la wapangaji wote, bomba zima lisilo na kasoro, akalitandaza vipande vipande kwenye saruji. Wapangaji walikuja na ndoo zao, wakamwona alivyokaa, wakarudi ndani bila kugomba. Mimi, mwenye mdomo wa kuuza, nilikaa kwenye ngazi nikimtazama na sikuwa na neno hata moja la kumpa. Ilinikera. Bado inanikera.

Tulipoitwa tena, daktari alizima mashine kabla ya kusema. Damu kwenye kitovu cha mdogo ilikuwa imeanza kusita.

"Mtoe basi," alisema Koki.

"Nikimtoa leo natoa wote. Huyu mdogo hawezi kuishi nje, na mkubwa naye hajakomaa, naweza kumpoteza pia. Tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Mkubwa akue."

"Na mdogo?" aliuliza wifi.

Daktari alimshika mkono. Nimeshaona madaktari wanaosema sana. Huyu angesema sana siku hiyo ningemshukuru.

Wiki iliyofuata moyo mmoja ulikuwa unapiga. Daktari aliutafuta wa pili kwa muda mrefu, ingawa nadhani alijua tangu mwanzo. Kisha akatueleza taratibu: mkubwa yuko hai, watamwangalia kwa karibu, na njia iliyo salama zaidi kwake ni kuendelea kukaa alipo. Kwa hiyo mwenzake naye atabaki humo humo, mpaka siku ya kuzaliwa.

"Nitawabeba wote wawili?" wifi aliuliza.

"Wote wawili, mama."

Mikono ya Koki ilikuwa mapajani, viganja juu, na hiyo ni mikono ambayo sijawahi kuiona haina kitu cha kufanya.

Tulirudi kwa miguu, wifi katikati yetu. Hakulia. Alikuwa amelishikilia tumbo kwa mikono miwili, lile lile la asubuhi, kubwa vile vile. Pale kwenye kona muuza nyanya akatuona, akainuka na kicheko chake cha siku zote. Huyo mama wa watu hana baya, tangu mwanzo ameifurahia mimba ile kama yake.

"Jamani, mama wa wawili huyo! Mapacha wetu hawajambo?"

Nilitaka kumwahi, nikachelewa.

"Hajambo," alisema wifi.

Muuza nyanya hakusikia kilichopungua. "Tumshukuru Mungu," akasema.

"Tumshukuru," tukaitikia, wote watatu.