Talaka Iliyonishusha Presha

Wiki tatu baada ya kuachana na mume wangu, presha yangu ilirudi kuwa ya binti wa miaka ishirini.

Nesi alinipima mara mbili. Hakuiamini mashine yake.

"Mama, umebadilishiwa dawa?"

"Nimebadilisha nyumba," nikamjibu.

Siwadanganyi. Siku naolewa, shangazi aliniambia ndoa ni afya. Na kweli, miaka mitano ya mwanzo nilinawiri, hata mafua yalinikwepa. Kufika mwaka wa kumi na tano, nilikuwa nameza vidonge viwili kwa siku na kugombana na mume kuhusu nani kaacha taa inawaka. Shangazi hakuniambia kwamba afya hiyo ina tarehe ya kuisha.

Basi nilivyopona, nikajitangaza. Mimi ni fundi cherehani, na kila mteja aliyekuja kupimwa gauni alipewa habari za tiba mpya bila kuuliza. Vidonge nikavitupa. Vya nini tena?

Mwezi wa saba baada ya talaka nilianguka nikiwa nakata kitambaa.

Nilizinduka hospitali, mkono wa kulia haushiki hata sindano. Fundi bila mkono ni nani? Nililia mbele za watu, sikuona aibu.

"Ni kiharusi kidogo," daktari alisema. "Mkono utarudi. Ukiacha dawa tena, usahau."

Siku ya kliniki, nani yuko kwenye foleni? Baba watoto. Amekonda, kola imekunjamana.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Mimi? Nimemsindikiza mtu."

"Hata mimi."

Nesi akatuita wote wawili. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu.

"Baba, dawa uliacha kwa nini?"

Akainama. "Aliyekuwa ananikumbusha tumeachana."

Nilitaka kumcheka, machozi yakanitangulia. Maana miaka yote ile vidonge vyangu navyo aliviweka yeye kando ya chai, kila asubuhi, huku amenuna.

Siku hizi saa moja asubuhi simu inaita.

"Umemeza?"

"Nimemeza. Wewe?"

"Nimemeza."

Tunakata haraka kabla ugomvi haujaamka. Presha zimetulia, na mkono wangu unashona.

Ndugu wanauliza tutarudiana lini. Jamani, mnataka tufe?

Ndoa siyo dawa, na talaka siyo dawa. Dawa ni vidonge. Ila hakikisha yupo mtu, hata mliyeshindwana naye, wa kukuuliza kama umemeza.