Maadamu Tumeshakaa

Pua yako, wewe unayesoma, nani alikuambia ina kasoro? Katika kliniki ya urembo ninakopokea wageni, kazi hiyo ni ya dada mmoja mpole, mwenye kucha fupi na sauti ya kubembeleza mtoto. Yeye hapasui mtu. Anakupiga picha, anaiweka kwenye kompyuta, kisha anakuonyesha utakavyokuwa daktari akishakupasua. Ukija kwa ajili ya kovu, atalifuta kovu, atapangusa kioo kwa ncha ya mtandio, halafu atasema, "Maadamu tumeshakaa," na kishale kitateleza hadi puani.

Jana alikuja binti mwenye kovu la moto shavuni, amesindikizwa na baba yake. Kovu likafutika, baba akapiga makofi. "Maadamu tumeshakaa," dada akasema, na pua ikachongoka. "Hiyo ni ya baba, dada," binti alisema. Tukamtazama mzee: pua ileile, pana, kwenye uso ambao bado ulikuwa unacheka. "Punguzeni tu," alisema, "hata mimi nilimpa bila kumuuliza." Hakuna aliyecheka naye. Dada alitafuta kitufe cha kuirudisha, akakikosa, akaufunika uso ule wa kwenye kompyuta kwa kiganja. Leo asubuhi, kabla hatujafungua, nilimkuta yule baba mlangoni, peke yake, amenyoa ndevu. "Kijana," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hiyo mashine yenu inapokea na wazee?"