Mchuzi wa Kiganjani

Mama mpishi wa mkahawa wa Kilburn, London, huonja mchuzi kiganjani, kama walivyoonja wapishi wa kweli. Hawa wa leo huonja kwa kijiko cha plastiki, wakakitupa. Alichoka kuambiwa kwamba kuku wake wa nazi na pilipili anafaa kuliwa pamoja na bia tu, si mvinyo. Akaifunga sufuria kwa kanga, akapanda treni mpaka Alsace, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu. Mwenye shamba mmoja akacheka. "Mama, pilipili hiyo itaua mvinyo wangu."

"Hujaonja, mzee wangu. Lete mkono."

Akamdondoshea mchuzi kiganjani. Mzee akalamba, akaziondoa mezani chupa zote za mvinyo alizomwandalia. Kisha akateremka ghalani kutafuta nyingine, na mpishi akamfuata na sufuria yake.