Kaka na Mlio wa Boriti

Kaka yangu hakuwahi kutafuta boriti ya dari kwa futi. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea kidogo, akagonga tena, kisha akasema, "Hapa!" Na kweli, ukipiga msumari hapo unakutana na boriti. Watu walimwita Gongagonga, na maringo yake, jamani, yalikuwa yanaudhi. Lakini miaka thelathini niliyomshikia mbao sikumwona akikosea.

Basi kelele za mashine ya kuranda zikamla masikio. Shemeji ndiye aliyegundua kwanza, maana alikuwa akimwita aje kula mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia, "Kaka, nenda ukapimwe." Akafoka, "Kapimwe wewe, unayenong'ona kama mwizi!" Nikafyata. Nilijidai ni heshima kwa mkubwa, kumbe ni woga tu wa makelele yake.

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, alitaka chumba chake kigawanywe kwa ukuta wa mbao: mbele auzie, nyuma ashonee. Ukuta ulikuwa unakwenda sambamba na boriti, na hapo ndipo kazi inapotaka akili. Ama uuweke chini ya boriti yenyewe, ama uingie darini upigilie vipande vya kukatiza kati ya boriti mbili, ili mbao ya juu ya ukuta ipate pa kushika. Ukikosa vyote viwili, umepigilia kwenye ubao wa dari, yaani hujapigilia popote.

Kaka akagonga, akasogea, akagonga. "Hapa!"

Mimi nilisikia. Dari ililia kama sanduku tupu. Yule mama alikuwa mlangoni anacheka, "Lo! Fundi ana masikio huyu!" Ningesemaje mbele ya mteja? Nikaishika mbao. Msumari wa inchi nne ukazama kwa mapigo mawili, kama kwenye mkate. Kaka akaguna, "Mbao za siku hizi takataka tupu." Nikasema moyoni, kesho nitarudi nipande darini niurekebishe ukuta kimyakimya. Kesho yake nikapata kazi kwingine, na keshokutwa nikajitia kusahau.

Wiki tatu baadaye mama aliweka rafu kwenye ukuta ule, akapanga majora ya vitambaa mpaka juu. Ukuta ukang'oka darini ukamwangukia mgongoni akiwa anashona. Hospitali walisema hatatembea tena.

Siku nne kaka hakula. Siku ya tano akaniita sebuleni kwake, macho mekundu.

"Mdogo wangu, wewe masikio yako mazima. Pale nilipogonga, palikuwa na boriti au patupu? Ukisema patupu, naweka nyundo chini leo. Sigusi tena dari ya mtu."

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nyuma ya neno hilo nililiona swali: sasa mbona ulinyamaza? Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Palikuwa na boriti, kaka," nikasema kwa sauti kubwa. "Labda imeoza kwa ndani."

Akanishika mabega akalia kwikwi. "Nilidhani nimekwisha," akasema. Shemeji akaja mbio kutoka jikoni, anashukuru Mungu, ananimiminia chai. Niliinywa yote, na Mungu ananijua.

Jumatatu akanipigia simu, anapayuka. Amepata kazi kwenye shule ya chekechea: darasa moja ligawanywe mawili, nimletee misumari.

Nilipofika alishapanda ngazi, viti vya watoto vimesukumwa pembeni. Nilisimama nyuma yake nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, nilikudanganya. Palikuwa patupu."

Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, anasubiri misumari. Ningeweza kuzunguka mbele ya ngazi nikamwambia usoni. Nikampa misumari.