Vifaranga vya sato kutoka ng'ambo vilivyotuletea vimelea Nyamwaga

Wakuu, salaam kwenu. Hili nimelishuhudia mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa wakati dhahabu imepamba moto Tarime. Wanaume wengi wa kwetu Nyamwaga walihamia mashimoni.

Dada yangu Bhoke na mumewe Mwita wakachimba bwawa badala ya dhahabu, wafuge sato. Wachimbaji lazima wale, soko lipo.

Vifaranga aliwauzia binamu yetu Marwa, anayeishi upande wa Kenya. Vilipita njia za panya kwa bodaboda, kwenye mifuko ya nailoni yenye maji. Hakuna aliyevipima.

Kwa wasiojua: kifaranga wa samaki anaweza kuonekana fresh kabisa, kumbe amebeba mdudu.

Mwanzoni walikua vizuri. Baadaye wakaanza kujisugua kwenye kingo, wakakonda, wengine wakaelea. Ukimshika mmoja unaona vitu kama nyuzi vinaning'inia kwenye ngozi, na vidonda.

Afisa uvuvi alikuja akatazama. Akasema ni vimelea, vimekuja na vifaranga, na maji yale yasitoke.

Alipoondoka tu, Mwita akachukua jembe.

"Tufungulie yote yaende mtoni, tuanze upya."

Bhoke akasimama kwenye mdomo wa bwawa. "Na Mzee Chacha aliye chini yetu? Yeye hafugi samaki?"

Walibishana sana. Mwisho Mwita akatupa jembe.

Tukavua samaki wote tukawafukia, maji tukayatia chokaa tukayaacha humo humo. Bhoke hakulia, alifanya kazi tu.

Kisha tukaenda kwa Mzee Chacha, asije akayasikia kwa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimsikiliza Bhoke mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Binti yangu, Marwa aliniuzia na mimi. Walipoanza kufa, nilifungulia maji yote. Ni juma lililopita."

Chini yake kuna wafugaji wengine wanaotumia mto ule ule.

Mzee akachukua fimbo yake, tukaongozana naye nyumba kwa nyumba, yeye mwenyewe akieleza alichofanya. Wengine waliwahi kuziba mifereji. Wengine tuliwakuta samaki wao wameshaanza kujisugua.

Nilichojifunza: Marwa ni damu yetu na hakuwa na nia mbaya, lakini undugu haupimi samaki.

Wafugaji mliomo humu, hasa wa mpakani, vifaranga mnatoa wapi, na nani anavikagua kabla havijaingia kwenye maji yenu? Semeni, nasoma.