Gilasi Isiyogongwa

Mireya alishuka basi la alfajiri akiwa na begi moja mgongoni, na kabla hajaliweka chini alikwishasema kilichomleta.

"Bibi, marehemu mama alipokuwa mahututi nilimwuliza baba yangu ni nani. Akaniambia, kamwulize bibi yako. Ndiyo maana nimekuja."

"Kwanza ule," Doña Ofelia alimjibu, akimtengeneza kola ya blauzi. "Hapa Veracruz mgeni haulizi maswali na tumbo tupu."

Akampeleka sokoni kula picada, vile vikate vinene vya mahindi vilivyofinywa ukingoni ili mchuzi wa pilipili usimwagike. Chole, mwenye meza, alimtazama binti kuanzia kichwani hadi miguuni.

"He! Doña, huyu mrembo umemficha wapi siku zote? Au ulikuwa unaogopa wanaume wa bandarini wamle kabla ya picada zangu?"

"Ni mjukuu wangu, wa Guadalajara. Ongeza jibini, punguza maneno."

"Maneno ni ya bure, Doña, jibini ndiyo ninayouza," alisema Chole, na Mireya akacheka hadi pilipili ikampalia.

Kesho yake walikwenda kwenye baraza ya hoteli inayotazama meli, wakaletewa mayai yaliyovurugwa na maharage meusi. Binti alikula kila kitu, akafuta sahani kwa mkate, kisha akasema tena, "Bibi, swali langu."

"Alikuwa baharia," alisema Doña Ofelia bila kupepesa macho. "Aliondoka na meli yake. Hata jina lake hatukulipata sawasawa."

Uongo huo ulimtoka bila kumkwaruza koo. Alikuwa mwalimu wa jiografia maisha yake yote ya kazi, na mumewe, marehemu Don Anselmo, alikuwa mwalimu mkuu ambaye watu walimvulia kofia njiani. Mtoto wao wa pekee, Leonor, alipompenda Eleuterio, kijana wa kumimina maziwa katika mkahawa wa La Palmera Blanca, walidhani ni upepo utakaopita. Tumbo lilipoanza, walimsafirisha kwa shangazi yake Guadalajara kabla halijaonekana, wakatangaza kwamba ameolewa huko. Eleuterio naye aliambiwa hivyo hivyo. Habari ya mtoto hakuambiwa. Alikuja mara moja mlangoni, nywele amezilaza kwa maji, na Don Anselmo alimjibu akiwa amesimama kizingitini, kisha akafunga mlango taratibu kama mtu mstaarabu.

Asubuhi iliyofuata mume na mke walikwenda La Palmera Blanca kunywa kahawa, kama kawaida yao. Kuacha kwenda kungewaambia watu kwamba kuna jambo. Doña Ofelia aligonga gilasi yake kwa kijiko. Katika mikahawa hii iliyo chini ya matao ya mji kahawa huletwa kidogo, nzito, chini ya gilasi. Anayetaka maziwa hugonga, na mwenye birika huja. Usipogonga haji, hata ukikaa hadi adhuhuri, kwa sababu kummiminia mtu ambaye hakuita ni kumvunjia heshima. Aligonga, basi, na Eleuterio alikuja, akainua birika juu, akashusha uzi mweupe wa maziwa ya moto bila kudondosha tone mezani.

"Imetosha, Doña?"

"Imetosha."

Tangu siku ile hawakuambiana zaidi ya hayo, yeye na yule mtu, hadi Don Anselmo akazikwa, hadi nywele za Eleuterio zikawa nyeupe kama koti lake la kazi. Hakuoa. Watu wa meza za jirani walimtania kwamba mke wake ni birika. Doña Ofelia alisikia utani huo, akageuza ukurasa wa gazeti.

Siku ya mwisho ya ziara, Mireya alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. "Leo nipeleke kwenye matao. Mama alisema kuna mahali gilasi zinalia kama kengele ndogo. Kila alipopatwa na homa alipataja."

"Pana kelele."

"Ndiyo hizo kelele ninazozitaka, bibi."

Doña Ofelia akachukua mkoba wake. Walikaa meza ya pembeni kabisa, Doña Ofelia akiwa ameupa ukumbi mgongo. Kahawa zikaletwa. Huku na huku vijiko viligonga, na Eleuterio akapita kati ya meza akiwa na birika lake.

"Mbona wanagonga?"

"Watu wa bandarini hao, hawakufundwa. Kunywa."

"Hii kahawa mbona chungu hivi?"

"Ndivyo inavyonywewa hapa."

Mireya akanywa, uso ukamkunjamana, akanywa tena kwa heshima ya bibi yake. Doña Ofelia naye alikunywa ile kahawa chungu, kwa mara ya kwanza maishani, huku akisikiliza hatua za viatu vyeusi zikikaribia na kupita. Alikuwa karibu kupumua.

Lakini meza ya pili alikuwepo Don Cosme, rubani mstaafu wa bandari, mtu asiyeweza kuona jambo akanyamaza.

"Doña Ofelia, unamwadhibu mtoto wa watu? Binti, gonga gilasi! Gonga kama unadai haki yako!"

Mireya akacheka, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akagonga kwa nguvu. Ukumbi mzima ukageuka. Eleuterio akaja.

"Anayegonga hivi ana kiu ya kweli," alisema. Akamwona Doña Ofelia, akainamisha kichwa kidogo, kisha akautazama ule mkono wenye kijiko. Naye birika alikuwa amelishika kwa kushoto. "Tuko wachache, bibie. Mama yangu alinichapa sana ili nihamie kulia."

"Mimi alinichapa mwalimu," alisema Mireya. "Hakuniweza."

"Wala mimi hawakuniweza." Akainua birika hadi juu ya bega, juu kuliko alivyoinua kwa mteja yeyote, akamimina. Mireya alifungua kinywa kama mtoto anayetazama fataki. Hakuna tone lililoanguka. "Mgeni wetu huyu ni nani, Doña?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Maneno mawili yangetosha, na Don Anselmo alikuwa kaburini asiweze kuyasikia. Lakini Don Cosme alikuwa ametega sikio, na nyuma yake walikuwa wake wa mahakimu na mapacha wa duka la dawa, mji mzima na vijiko vyao.

"Mtoto wa rafiki," alisema Doña Ofelia.

Mireya aligeuka kumtazama bibi yake. Alidhani bibi anamwonea haya yeye, mtoto asiye na baba. Akainamia gilasi.

"Karibu tena, bibie," alisema Eleuterio. "Ukija, gonga vivyo hivyo. Nitajua ni wewe."

Kituoni Mireya alimbusu bibi yake shavuni, busu kavu, akapanda basi bila kuuliza tena.

Jumapili alipiga simu. Aliuliza afya, akauliza hali ya hewa. Mwishoni akasema, "Bibi, yule mzee wa maziwa anaitwa nani? Kila nikinywa kahawa namkumbuka."

"Sikumbuki, mwanangu," alisema Doña Ofelia, na baada ya kuweka simu chini alibaki ameishika, kana kwamba angeweza kumrudisha binti kwa vidole.

Siku hizi hufika La Palmera Blanca mapema, kabla ya Don Cosme. Huketi meza ile ya pembeni, sasa akitazama ukumbi. Kila asubuhi hutoka nyumbani ameyapanga maneno, jina la Mireya kwanza, kisha la Leonor. Kahawa huletwa, kijiko huwekwa kando yake. Eleuterio husimama karibu na nguzo, birika mkononi, akimtazama, akisubiri. Anaweza kusubiri hivyo asubuhi nzima. Hajaitwa, na asipoitwa hawezi kuja. Na Doña Ofelia, maneno yale yakimshinda, hawezi kumwita ili amwambie tena imetosha.

Hukiacha kijiko pale kilipo, akainywa kahawa chungu.